Isale Ndani ya Bahasha

Nilirudi darasani nikiwa na miaka arobaini na minne, na kilichonirudisha ni kahawa. Kwa muda mrefu nilikuwa mwanasheria wa kampuni moja ya kununua na kusafirisha kahawa mjini Moshi. Kazi yangu ilikuwa kusoma mikataba, kuiwekea alama pembeni, na kuipeleka juu itiwe saini. Siku moja shehena yetu ilikataliwa ng'ambo, mnunuzi akidai kwamba ina unyevu kupita kiasi. Nilipofungua mkataba nione tutamshtaki wapi, nilikuta sentensi mbili chini ya ukurasa wa mwisho. Zilisema kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na wasuluhishi, katika mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga, kwa kufuata sheria ya nchi ile. Pembeni mwa sentensi hizo kulikuwa na alama yangu ya kalamu ya bluu. Nilikuwa nimezipitisha bila kuzielewa.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kusomea sheria binafsi ya kimataifa. Nilisoma kwa masafa, Jumapili baada ya misa, kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwetu Soweto, mtaa wa hapohapo Moshi, na mara mbili kwa mwaka nilisafiri kwenda chuoni kukaa wiki mbili. Nilianza na usuluhishi wa kibiashara, nikaupenda kama mtu anavyopenda chumba kilichofagiliwa. Palikuwa na maswali matatu tu: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua, ataamua kwa sheria ya nchi gani, na uamuzi wake utatambuliwa wapi. Pande zote zilikuwa zimekubaliana mapema, zikiwa zimekaa na kuwaza. Hata aliyeshindwa aliweza kuambiwa kwamba aliitia saini njia ile mwenyewe.

Muhula wa tatu tuliingia kwenye mambo ya familia yanayovuka mipaka: ndoa zilizofungwa huku na kuvunjwa kule, mirathi ya mtu aliyekufa akiwa na nyumba katika nchi mbili, watoto waliovushwa na mzazi mmoja bila mwenzake kujua. Mhadhiri wetu alituonya kwamba hapa chumba hakijafagiliwa. Niliandika onyo lake kwenye daftari, nikalipigia mstari. Kuandika jambo na kulisikia ni vitu viwili, lakini wakati ule sikuvitofautisha.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiishi Ulaya ya kaskazini kwa zaidi ya miaka kumi. Yeye ndiye kitinda mimba wetu, na kwa desturi ya kwetu Uru, mlimani juu ya Moshi, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka, yaani migomba, kahawa, na makaburi ya waliotangulia. Aliirithi ardhi ile akiwa mbali nayo. Alijenga nyumba ya vigae ambayo miezi kumi na moja ya mwaka ilikaa imefungwa, na mama yetu, mjane, aliendelea kulala katika nyumba ya zamani ya mbao iliyo nyuma yake, akifungua madirisha ya nyumba mpya kila Alhamisi ili isinuke.

Desemba moja mdogo wangu alikuja na binti yake wa miaka sita. Wifi yangu, ambaye ni mzaliwa wa kule, hakuja. Tuliambiwa kazi imembana. Ukweli, ambao mdogo wangu alinieleza mimi peke yangu tukiwa tumesimama kando ya mfongo, ule mfereji wa maji unaopita juu ya kihamba chetu, ni kwamba ndoa ilikuwa imefika mwisho. Walikuwa wakiishi nyumba mbili. Mkewe alimruhusu kuja na mtoto kwa wiki tatu, kwa ajili ya Krismasi, na tiketi ya kurudi ilikuwa ya wiki ya kwanza ya Januari.

"Dada," aliniambia, "nisipomrudisha watanifanya nini?"

Ningeweza kumjibu kama dada. Nilimjibu kama mwanafunzi ambaye juma lililopita tu alisoma sura inayohusu jambo hilohilo, na ambaye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote, nje ya darasa, swali analolijua vizuri namna ile. Nilimweleza kwamba upo mkataba wa kimataifa unaozitaka nchi kumrudisha haraka mtoto aliyezuiliwa mbali na makazi yake ya kawaida, lakini nchi yetu haikuwa imejiunga nao. Nilimweleza kwamba hata nchi zilizojiunga huanza kusita mwaka ukishapita na mtoto akawa ametulia mahali papya. Kisha nikaongeza maneno ambayo nimeyarudia peke yangu mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilimwambia kwamba muda utatusemea vizuri kuliko wakili.

Hakurudi naye. Aliondoka peke yake katikati ya Januari kwenda kuwahi kazi yake, akamwacha mtoto kwa bibi.

Mama aliambiwa kwamba wifi ameridhia, kwamba mtoto atakaa mwaka mmoja ili aijue lugha na watu wake. Aliyemwambia hivyo ni mdogo wangu, lakini mimi nilikuwa nimeketi palepale, ninachambua maharage, na sikuinua uso. Nilijua wifi hajaridhia. Kuanzia Januari hadi Julai nilipanda Uru kila Jumamosi nikiwa ninajua.

Na nilifanya zaidi ya kunyamaza. Nilisimamia mambo. Nilimwandikisha mtoto shule ya masista iliyo chini ya parokia, nikatunza stakabadhi. Nilimpeleka kliniki, nikatunza kadi. Niliomba aingizwe katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, ingawa umri wake ulikuwa bado kidogo, na katekista alipokubali nilimwomba aandike barua. Nilimpiga picha akiwa amekaa juu ya tenga la ndizi na wenzake, akila kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwa mkono. Picha zile niliziweka katika jalada moja na stakabadhi, na ndani ya kichwa changu jalada lile lilikuwa tayari na namba za vielelezo. Mtoto alikuwa akiishi tu, jinsi watoto wanavyoishi popote wanapopendwa. Mimi nilikuwa nikikusanya ushahidi kwamba anaishi.

Siwezi kusema kwamba hakuwa na furaha. Mama alibadilika mbele ya macho yetu. Aliacha nyumba ya mbao, akahamia ile ya vigae, kwa sababu mtoto aliogopa kulala peke yake na nyumba ya zamani ilikuwa na moshi. Alimfundisha kuamkia, kukata majani ya ng'ombe, kusema maneno ya Kichagga ambayo wajukuu wake wa mjini hawayajui. Ndama aliyezaliwa Machi alitangazwa kuwa wa mtoto. Baba yetu mdogo, aliyeishi kihamba cha pili, alikuja karibu kila jioni kwa kisingizio cha kuomba chumvi, akikaa kumsikiliza mtoto akichanganya lugha tatu.

Baba mdogo ndiye aliyenipa jina la wakili wa magunia. "Haya, wakili wa magunia," aliniuliza siku moja mbele ya watu, "huyu mzungu wetu ni wa daraja la kwanza, au naye ana unyevu?"

Watu walicheka, mtoto akacheka bila kujua kwa nini, nami nilicheka. Juma hilohilo niliwasilisha insha yangu ya muhula. Ilihusu makazi ya kawaida ya mtoto, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba makazi hayo ni suala la hali halisi, si la nia ya wazazi. Nilipata alama ya juu kuliko zote nilizowahi kupata. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba mifano yangu ilikuwa hai.

Julai kwetu ni mwezi wa baridi na ukungu. Jumamosi moja tulikuwa jikoni, mama, mimi na mtoto, tukimenya ndizi, simu ndogo ya mama ikalia. Mama alikuwa na masikio mazito, hivyo siku zote aliweka sauti ya nje. Alikuwa wifi yangu. Kwa miezi ile yote alikuwa akiongea na mtoto kupitia simu ya mdogo wangu, kwa muda ambao mdogo wangu aliupanga, na baadaye mdogo wangu akaanza kusema kwamba mtandao wa huku ni mbaya. Namba ya mama sijui aliipata kwa nani. Aliongea Kiswahili chake cha vitabuni, pole pole, kila neno likiwa limevaa viatu.

Alimwamkia mama. Aliuliza habari za afya, za shamba, za ng'ombe, kama alivyofundishwa alipokuja mara ya kwanza. Kisha akauliza, "Mama, jino lake la mbele limetoka?"

Mama alisema limetoka, wamelirusha juu ya paa.

Wifi akasema, "Mama, naomba uniambie. Mtoto wangu mtamrudisha lini?"

Mama alinitazama. Kisu chake kilikuwa bado ndani ya ganda la ndizi. Alimjibu wifi kwamba atampigia, akakata simu, akamwambia mtoto aende akaone kama ndama amekunywa maji. Mtoto alipotoka, mama aliniuliza swali moja tu: kama nilikuwa ninajua. Nikasema ndiyo.

Hakupaza sauti. Aliosha mikono, akaifuta kwa khanga, akakaa. "Miezi saba," alisema, "mtoto wa mtu analala kitandani kwangu na mama yake analia. Nami napokea komunyo kila Jumapili."

Alimpigia mdogo wangu mwenyewe. Sikuruhusiwa kubaki ndani, lakini nilipokuwa nje niliweza kusikia kwamba hasemi sana. Mdogo wangu alikuja katikati ya Agosti akamchukua binti yake. Mama alimfungia mtoto ndizi mbivu katika mkoba ambao nilijua hautavuka ukaguzi wa uwanja wa ndege, na sikumwambia. Aliwasindikiza mpaka barabara ya lami, akasimama pale hata gari lilipokwisha kukata kona ya kushukia mjini, na aliporudi alifunga nyumba ya vigae.

Mahakama ya kule haikuchelewa. Mtoto aliwekwa chini ya mama yake peke yake. Baba yake angemwona kila Jumamosi ya pili, kwa saa mbili, mbele ya afisa. Ilikatazwa mtoto kutolewa nje ya nchi ile mpaka amri nyingine, na shauri lingerudi kusikilizwa baada ya miezi sita. Niliisoma hukumu ile kwa umakini niliofundishwa. Ilikuwa fupi na ya haki. Aya ya tisa ilitaja shule, kliniki na katekista, na ikasema kwamba mipango ile ilionyesha nia ya kumzuia. Kila nilichokikusanya, ambacho mdogo wangu alikiwasilisha ili kujitetea, kilikuwa kimesomwa, na kilikuwa kimesomwa sawasawa.

Nilipomfafanulia mama, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo hukumu haikuwa nalo. Alisema wifi apelekewe isale.

Isale ni mmea wa majani marefu membamba tunaoupanda mipakani na kwenye makaburi. Mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa, jani la isale hufungwa fundo na kupelekwa kwa aliyekosewa. Halipelekwi na mkosaji. Hupelekwa na mtu wa kati anayeheshimika, naye anapolikabidhi hulitaja kosa kwa sauti, bila kulipunguza. Aliyekosewa akilipokea, hawezi tena kukataa kusamehe. Wifi yangu aliijua desturi hii. Siku ya sherehe yao pale Uru baba mdogo alimweleza, akamwonyesha mstari wa masale kandokando ya kihamba, akamtania kwamba kwa tabia za mumewe huenda majani yale yakaisha.

Mama alilichuma jani mwenyewe asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, akalifunga fundo, akalizungushia kipande cha khanga safi. Aliniambia maneno ya kusema, na nikayaandika kama alivyoyatamka: tumekosa, mtoto ni wako, tulimficha na tukakudanganya, tunaomba. Wa kulipeleka alikuwa amekwisha kumfikiria. Sista mmoja mzaliwa wa kijiji chetu alikuwa akienda kusoma nchi jirani na ile, Oktoba, na alikuwa tayari kupanda treni mpaka mlangoni kwa wifi.

Ilikuwa Septemba. Nilimchukulia mama jani lile na yale maneno ili nimkabidhi sista, na nikashuka nayo mjini. Jumatatu, nikiwa ofisini, nililiweka juu ya meza yangu nikalitazama. Nilianza kuona hatari. Shauri lilikuwa bado wazi. Maneno ya mama, yakitamkwa na sista mbele ya wifi, yakifika kwa wakili wake, yangekuwa ungamo. Miezi sita ikiisha yangesomwa dhidi ya mdogo wangu, na zile saa mbili za Jumamosi ya pili nazo zingeweza kuondoka. Nilimfikiria yeye, kwa kweli nilimfikiria. Lakini nilijifikiria na mimi pia, kwa sababu neno "tulimficha" lilikuwa na mimi ndani yake.

Nikaandika barua. Niliiandika kwa karatasi nzuri, kwa lugha ya kiofisi, nikaanza kama nilivyokuwa nikianza kila barua ya kampuni kwa mnunuzi mwenye malalamiko. Nilisema kwamba inaandikwa bila kuathiri haki za upande wowote na bila kukiri wajibu. Nilisema kwamba familia inasikitishwa na usumbufu uliojitokeza, na kwamba jani lililoambatanishwa ni ishara ya kimila ya nia njema. Nikatia saini. Nikalitia isale ndani ya bahasha pamoja na barua, bila ile khanga kwa kuwa haikuingia, na nikaipeleka kwa watu wa vifurushi vya haraka. Sista nilimwambia kwamba tumepata njia nyepesi zaidi.

Sijui kama yupo mtu wa kabila lingine ambaye angeweza kufanya kosa lile. Kulipeleka isale na kukana kosa kwa pamoja ni sawa na kupiga magoti huku umeshika mlango usifunguke. Mimi nililifanya nikiwa na akili timamu, saa nne asubuhi, nikiwa nimelelewa na masale pande zote nne za nyumba yetu.

Majibu yalikuja kwa baruapepe baada ya siku kumi. Yalikuwa ya Kiswahili, mistari mitatu. "Nimepokea jani na ninakumbuka maana yake. Nimesoma pia barua. Wakili wangu ameniuliza niamini kipi kati ya hivyo viwili."

Mama aliponiuliza, nilimwambia amepokea. Halikuwa neno la uongo. Alifumba macho, akafanya ishara ya msalaba, na kuanzia siku ile akaanza kumngoja mtoto. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: isale limepokelewa, basi Krismasi mtoto atakuja. Alifungua tena nyumba ya vigae. Alitenga mkungu wa ndizi za kuiva na kuku wawili. Nilimwambia mara moja kwamba mahakama ya kule huenda ikawa na utaratibu wake, akanijibu kwamba mahakama haina nguvu juu ya watu waliokwisha kusameheana.

Desemba mdogo wangu alikuja peke yake. Mama alitazama nyuma yake ndani ya gari, kisha akamkaribisha chakula. Kuku wote wawili walichinjwa, na mama hakuwagusa.

Baada ya hapo afya yake ilishuka. Ilikuwa presha, kisha moyo, kisha miguu kuvimba. Nilimleta Soweto akae kwangu ili awe karibu na hospitali. Mchana alikaa kibarazani akiota jua, na wanawake wa jumuiya yetu ya parokia walikuja kumsalimu. Nilianza kusikia anayowasimulia. Aliwaambia kwamba ana mkwe ambaye alipelekewa isale akalipokea kwa mkono wa kulia na kumzuia mtoto kwa mkono wa kushoto. Wanawake wale waliguna kwa mshangao, mmoja akasema ndiyo wenzetu hao, moyo wao ni barafu. Siku nyingine nilimsikia mama mwenyewe akisema kwamba mtu anayekataa isale hafi vizuri.

Ilikuwa Kwaresima. Nilivumilia juma zima. Aliyekuwa akilaaniwa kwenye kibaraza changu alikuwa mtu pekee katika jambo hili ambaye hakumdanganya yeyote. Ijumaa, wageni walipoondoka, nilikaa chini karibu na miguu ya mama nikamweleza yote: sista, bahasha, barua, na majibu ya mistari mitatu. Nilimsomea ile barua nikiitafsiri kutoka Kiingereza cha ofisini, na kwa mara ya kwanza niliisikia inavyosikika.

"Kwa hiyo ulimwambia hatukukosa," alisema.

"Hapana, mama. Nilisema hatukiri."

"Huko kwenu ni maneno mawili hayo. Kwangu ni moja." Akaniomba maji. Alikunywa, akanirudishia kikombe, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko ya mtu aliyekasirika. "Nimemsema vibaya mtoto wa watu mbele ya jumuiya nzima. Andika tena. Andika nilivyosema mimi. Na wewe uwemo."

Nilimpigia mdogo wangu kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Nilimweleza kwamba barua hii inaweza kusomwa mahakamani, kwa kuwa shauri lilikuwa bado wazi. "Iandike, dada," alisema. "Hizo saa mbili mtoto ananiuliza kila mara kwa nini bibi hapigi simu."

Niliandika kwa mkono, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Niliweka yale maneno manne ya mama yalivyo, na chini yake nikaandika la kwangu: kwamba ni mimi niliyeshauri, nikijua. Sikuweka kifungu chochote cha kujikinga. Jumapili, mbele ya jumuiya, mama alisimama kwa kushikiliwa akasema kwamba mkwe wake hakukataa kitu; aliombwa vibaya.

Wifi hakumpa wakili wake barua ile. Aliniandikia kwamba ameisoma mara nyingi, na kwamba bado ana hasira na haoni aibu kuwa nayo. Alisema ataomba mahakama iruhusu mtoto aje mwezi wa Julai, akiwa naye mwenyewe. Kwa sasa, kama mama anaweza, waonane kwa simu ya video Jumapili ijayo.

Tuliiweka simu yangu ikiegemea chupa ya chai. Mtoto alitokea akiwa amekatwa nywele, mrefu kuliko tulivyomkumbuka. Alimwamkia bibi yake vizuri, shikamoo yote. Baada ya hapo Kiswahili kilimwishia. Alisema neno moja la Kichagga, akasita, akamgeukia mama yake na kuongea lugha ya kule, naye wifi akanigeuzia kwa Kiingereza. Mama yangu alikuwa ameisogelea simu mno, hivi kwamba nadhani mtoto aliona paji la uso tu. Nilianza kutafsiri kati yao, Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi, kwa sauti ya mtu wa kati, na kila sentensi ilipotoka kwangu ilikuwa imepoa.

Mtoto aliuliza kama ndama wake yupo. Ndama alikuwa ameuzwa Januari, wakati wa hospitali.

"Yupo," mama alisema. "Amekuwa mkubwa. Anakungoja."

Nilitafsiri. Simu ilipokatika, mama aliniomba nimpeleke ndani akalale, ijapokuwa ilikuwa saa sita mchana. Kesho yake aliniuliza Julai ni baada ya wiki ngapi. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani nikamwambia kumi. Alisema ni nyingi.

Alifariki katikati ya Mei, wakati wa masika, barabara ya Uru ikiwa tope tupu. Ombi la wifi lilikuwa limepangiwa kusikilizwa mwezi uliofuata. Wifi alituma salamu za rambirambi na picha ya mtoto akiwa amewasha mshumaa. Mdogo wangu alikuja kuzika peke yake.

Historia ya marehemu iliangukia kwangu, kwa kuwa ni mimi msomi wa nyumba. Niliiandika asubuhi ya maziko: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, aliolewa lini, alilima nini. Mwishoni niliandika kwamba ameacha watoto wanne na wajukuu tisa. Baba mdogo aliisoma juu ya bega langu, akahesabu kwa vidole, akafungua mdomo, kisha akaufunga akaenda kuangalia turubai.

Msema chochote, yaani mwongoza shughuli, alikuwa mtu wa kukodi kutoka mji mdogo wa Kwa Sadala, asiyetujua. Ilipofika zamu ya mashada, alishika karatasi yangu na kipaza sauti akawaita wajukuu wote tisa wasogee kaburini waweke shada la bibi yao. Walisogea, wadogo mbele, viatu vyao vikizama. Aliwahesabu, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu.

"Nawaona wanane," alisema. "Wa tisa yuko wapi? Wa tisa asogee."

Mvua ilikuwa nyepesi. Mdogo wangu alitazama chini. Msema chochote akangoja, akamwita tena, kwa upole, kama anayemwita mtoto mwenye haya aliyejificha nyuma ya watu. Ilinipasa kwenda kumnong'oneza, maana ni mimi niliyeandika namba ile. Nilibaki nimesimama. Mwishowe akawaambia wanane waendelee.